Helikopta Kubwa ya Manju Lugembe

Mwezi uliopita tulimzika Manju Lugembe. Nilikaa mkekani siku nne na wanawake wenzangu, namenya viazi na kusikiliza. Siku ya pili binti mmoja aliyetoka Mwanza akauliza ni kitu gani kilimkata marehemu vidole viwili vya mkono wa kulia. Mama mmoja, ambaye enzi hizo alikuwa bado anabebwa mgongoni, akamjibu bila kusita, "Alirogwa. Kuna kibibi kilimtupia kitu ngomani." Wenzake wakaitikia, eeh, hata sisi tulisikia. Nikaweka kisu chini. Nikawaambia, mimi nilikuwepo, na huyo mnayemwita kibibi hakumroga mtu. Waliniangalia kama mtu aliyeingia msibani kudai kodi, kisha wakaendelea na maneno yao. Ndiyo maana naandika. Nilisoma mpaka darasa la nne na mwandiko wangu ni mbaya, lakini kumbukumbu ninayo. Habari za baba na mama, na za ng'ombe waliokuwa zizini kwetu, sitaziandika, hazihusiki hapa. Naandika mwaka mmoja tu, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa nikameza neno lililotakiwa kusemwa, na neno hilo likakaribia kumuua Mayu Holo, yaani Mama Holo, huyo huyo wanayemwita kibibi.

Ulikuwa mwaka ule soko lilipofunguliwa. Kabla yake tulizoea kupanga foleni ya sukari na kufulia majani ya mpapai. Ghafla maduka ya Bariadi yakajaa: sabuni za kunukia, redio za kaseti, baiskeli, viatu vya mtumba vimening'inizwa kwa kamba. Pamba nayo ikaanza kununuliwa na watu binafsi, wakija na magari yao na mizani yao na maneno matamu. Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Mimi nilikuwa mpishi Somanda, hapo hapo Bariadi, kwenye nyumba ya mzungu wa mradi wa visima. Watu walimwita Mabula, jina la mvua, kwa kuwa alileta maji. Alikuwa amekaa Usukumani miaka mingi, anakula ugali wa mtama kwa mkono, anajua kuitikia mwangaluka ya asubuhi na mwadila ya mchana, na Kiswahili chake kilikuwa kinaeleweka kuliko cha baadhi yetu. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne. Chumba kimoja hakikuwa na kitanda. Kilikuwa na meza ndefu, bisibisi zilizopangwa kwa urefu, na helikopta mbili.

Namaanisha helikopta za kuchezea, ila mtoto asingeweza kuzichezea. Zilikuwa na injini ya kweli, ndogo kama ngumi, zinanguruma na kutoa moshi, na mtu alisimama chini akaziongoza kwa rimoti yenye vijiti viwili na antena ndefu. Ndogo ilikuwa kuukuu. Mwili wake ulikuwa na viraka vya gundi, na mkia wake ulishavunjika na kuungwa mara nyingi. Kubwa ilikuwa nyekundu na nyeupe, mapanga yake marefu kama mkono wangu kutoka begani mpaka vidoleni, na ilipowaka hata mbwa wa jirani alikimbilia mashambani. Jioni Mabula alikwenda kiwanja cha shule na mimi nikambebea mafuta. Mafuta yake hayakuwa petroli, ni spiriti maalumu iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, aliagiza kwao. Siku moja, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye, akanipa rimoti ya ile ndogo. Aliifungia fito mbili za msalaba chini ya miguu ili isipinduke, akaniambia, "Polepole, Kabula. Usiipiganie." Kwa miezi mitatu nilijifunza kuiinua kimo cha goti, kisha kimo cha kiuno, kisha kimo cha nyumba, na kuituliza pale. Ile kubwa hakunipa hata mara moja. Niliomba. Alikataa.

Kuna chakula kimoja nakikumbuka. Nilikuwa nimepika wali, nsansa ya majani makavu ya kunde, na kuku, na Mabula alikuwa mezani na fundi wake wa pampu, Mashauri, mtu wa hapa hapa. Mradi ulikuwa unafungwa. Mabula alikuwa anauza vitu, na Mashauri alikuwa anamuuliza bei moja moja, kitanda, jokofu, meza. Akafika kwenye helikopta. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la kunawia.

"Bei ni moja," Mabula akasema. "Ndogo ina sanduku la spea, mapanga ya akiba seti sita, na mafuta yote yaliyobaki. Kubwa inakwenda peke yake, na chupa moja."

Mashauri akacheka. "Nani atachukua ndogo kwa bei ya kubwa?"

"Mwenye akili. Anayeanza ataanguka. Lazima ataanguka. Mimi nilivunja mara kumi na moja. Akiwa na kubwa bila spea, akianguka mara moja amemaliza. Na ile kubwa haivunjiki peke yake tu, inakata. Inamsikiliza yule mwenye mkono uliozoea. Mwingine akikohoa, yenyewe imeshaondoka."

"Basi wewe si mfanyabiashara," Mashauri akasema. "Unamfukuza mteja."

"Kabula, umesikia?" Mabula aliniita bila kugeuka. "Mtu akija kuuliza, mwambie hivyo."

Nikasema, ndiyo. Nikawanawisha mikono.

Mtu aliyekuja kuuliza alikuwa Manju Lugembe. Kwa wasioijua ngoma yetu nitaeleza kidogo. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Hakuna hakimu wa kukaa kwenye meza na kuandika. Watazamaji ndio wanaokata shauri kwa miguu yao. Wakihama kwako kwenda kwa mwenzako, umeshindwa, na kila mtu amekuona ukishindwa. Kwa hiyo manju, yaani kiongozi wa kundi na mtungaji wa nyimbo zake, hutafuta kitu cha kuwavuta watu. Mmoja huja na chatu, mwingine na fisi aliyefungwa kamba, na wote huja na dawa, hata wale wanaosali Jumapili. Na mchezaji akifanya vizuri, mtazamaji hutoka kwenye kundi la watu akamtuza papo hapo, hela kwenye paji la uso au khanga mabegani. Hiyo ndiyo heshima yake. Kumzuia anayetuza ni tusi.

Lugembe alikuwa na sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu, lakini alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo na kundi la kijiji cha Kimali, lililokuwa na chatu. Wachezaji walianza kunong'ona kuhama. Akishindwa tena, kundi lilikuwa limekwisha, na manju asiye na kundi ni mtu anayeimba peke yake shambani. Mimi nilikuwa mchezaji wake, nilikwenda mazoezini kila Jumapili, na ni mimi niliyempeleka habari ya helikopta. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Wiki iliyofuata aliuza ng'ombe wake wawili wa plau. Hakuwa na wengine wa kulimia.

Walikuja watatu: manju mwenyewe, mpiga ngoma wake Sayi, mtu wa maneno mengi, na Mayu Holo, shangazi yake manju, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Mayu Holo alikuwa mrefu, amekauka, macho mekundu kwa moshi wa mabua ya pamba aliyopikia maisha yake yote. Nilimkuta anaizunguka ile kubwa kama mtu aliyeko mnadani, mikono nyuma.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia.

"Mwadila, ng'wana wane. Hii ndiyo inayoruka? Mbona haina manyoya?"

Sayi akainua ile ndogo kwa mkono mmoja. "Manju, hii panzi. Watu wa nyuma wataona nini? Watafikiri tunafukuza nzi."

"Ya zamani pia," manju akasema. "Ina makovu."

"Ng'ombe mwenye makovu ameshalima," Mayu Holo akasema. "Asiye na kovu hujui."

"Shangazi, hiki ni chuma."

"Nimesema tu."

Sayi aliendelea. Alisema hakuna mtu anayeacha dume lililokomaa akanunua ndama, kwa bei ile ile, ati kwa sababu ndama amepewa na kamba sita. "Hii ndogo itakua lini? Tuilishe pumba?" Wote walicheka, hata mimi. Kisha manju akanyamazisha kicheko kwa kiganja na kunigeukia. Mabula hakuwepo, alikuwa Shinyanga kwa mambo ya ofisi. Tulikuwa sisi wanne katika chumba kile na harufu ya mafuta ya nyonyo.

"Kabula, wewe umekaa na vitu hivi. Wewe ndiye utakayeirusha. Chagua. Utakachosema ndicho tutakachobeba."

Maneno ya Mabula yalikuwa yamejaa kinywani kwangu. Lakini nilimwona manju, mkono wake ulikuwa umelala juu ya ile nyekundu kama ulivyokuwa ukilala juu ya ng'ombe wake. Na mimi sitajificha nyuma ya mkono wa manju. Nilijiona nimesimama katikati ya uwanja, kitu kikubwa kinanguruma juu ya vichwa vya watu, wanaulizana huyo msichana ni nani. Kwa ile ndogo nisingeonekana hivyo. Nilikuwa mpishi, nimezoea kusimama mlangoni na birika.

"Kubwa," nikasema.

Mayu Holo alinitazama. Sayi alipiga vigelegele kama mwanamke.

Mabula aliporudi alikuta fedha mezani na helikopta imeondoka. Aliniuliza, "Uliwaambia?" Nikasema niliwaambia. Huo ulikuwa uongo, na ni wa pili, kwa maana kunyamaza kwangu ndio ulikuwa wa kwanza. Alinipa mapanga ya akiba seti moja aliyoikuta nyuma ya kabati, akanionyesha mara mbili, kwa kutumia ile ndogo, jinsi ya kuiwasha kubwa na kuituliza, na baada ya siku tatu gari likaja kumchukua. Ile ndogo aliinunua Mashauri. Sijui aliifanyia nini.

Tulikuwa na wiki sita na chupa moja ya mafuta. Chupa moja ni mara tano sita za kuruka, basi. Nilifanya mazoezi uwanjani kwa manju, mbele ya zizi tupu. Nilifunga fito za msalaba kama nilivyofundishwa. Mara ya kwanza ilinitoka, ikageuka, ikala ardhi, mapanga yakavunjika. Nikafunga ile seti moja ya akiba. Mara ya pili iliinuka kimo cha goti, ikatulia kidogo, nikaishusha. Mara ya tatu kimo cha kiuno. Watu walipiga makofi, manju akatunga wimbo siku ile ile, na mimi nikaanza kuamini kwamba Mabula alikuwa mtu mwoga tu. Tulitunza mafuta yaliyobaki kwa ajili ya ngoma. Mayu Holo alikuwa akiniletea michembe ya viazi ya kuchemsha na maziwa ya mgando, anakaa pembeni ananiangalia ninavyofuta mashine kwa kitambaa. Siku moja akaniuliza, "Inakuogopa, au wewe ndiwe unaiogopa?" Nikamjibu kwa ujeuri kwamba mashine haina woga. Akasema, "Sikuiuliza mashine."

Siku ya ngoma ilikuwa Jumamosi, baada ya saa nane mchana, vumbi limesimama hewani. Watu walikuwa wengi kuliko mnada. Upande wa Kimali chatu alikuwa ameshatolewa kwenye gunia, na watu wamejazana huko, upande wetu wamebaki wazee, mbuzi na wauza karanga. Manju akanipa ishara. Nikawasha. Ule mlio peke yake uliwageuza watu shingo. Nikaiinua kimo cha kiuno, kisha kimo cha kichwa, kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanakuja mbio na sikutaka iwe chini kati yao, nikaipandisha kupita mapaa ya nyasi ya nyumba. Sikuwahi kuipandisha hivyo. Iliitikia. Uwanja wote ulihama. Niliwaona wakija na watoto begani, wanapiga mayowe, chatu wa watu kabaki na mwenye chatu tu. Manju alikuwa anacheza hatua kumi mbele ya mashine, mkono wa kulia juu, anaimba. Vijiti viwili vilikuwa chini ya vidole gumba vyangu.

Mayu Holo alitokea upande wangu wa kushoto. Alikuwa analia kwa furaha na kupiga vigelegele. Alikuwa na khanga mpya, doti nzima, alikuwa ameiweka kwa kazi hiyo. Alinitupia begani, akaizungusha mbele, akaifunga fundo kama tuzo inavyofungwa, juu ya rimoti, juu ya vidole vyangu. Nani angemzuia? Sikuwa nimemwambia yeye wala mtu yeyote kwamba nikiwa kazini nisiguswe. Wiki sita zote sikusema, kwa sababu nikisema hilo ningelazimika kusema na mengine.

Kijiti kilikwenda upande. Mashine ililala ubavu hewani, ikashuka kwa kasi kuelekea mbele. Nilipiga kelele na manju akageuka na mkono wake ulikuwa bado juu.

Sitaandika nilichoona. Alipoteza vidole viwili, na angepoteza shingo kama angekuwa mrefu zaidi kidogo. Tulimpakia kwenye gari la mnunuzi wa pamba mpaka hospitali. Njiani, shuka limelowa damu, akauliza, "Watu wako upande gani?"

Sayi akamjibu analia, "Upande wetu, manju. Wote wako upande wetu."

"Basi tumeshinda," akasema, akafumba macho. Na ni kweli, siku ile watu hawakurudi tena kwa chatu. Niliambiwa walisimama wakitazama damu kwenye vumbi mpaka jua likachwea.

Siku tatu baadaye maneno yalianza. Nilikuwa nimekaa jikoni kwa manju napepeta mtama, nikawasikia vijana nje ya ukuta, na sauti ya Sayi ikiwa juu yao. Khanga ile ilitoka wapi? Kibibi kama yule amepata wapi doti mpya? Kimali wamemtuma. Na macho yale, mmeyatazama? Mmoja akasema mchawi, neno ambalo kwetu siku zile likishasemwa kwa mwanamke mzee halirudi nyuma. Wakati huo tulikuwa tumeshazika wawili, vijiji vya jirani, vikongwe waliokutwa asubuhi wamekatwa. Mayu Holo naye aliyasikia. Niliingia kwake nikamkuta anakunja nguo zake mbili, anaziweka kwenye ungo, anazitoa, anaziweka tena. Hakuwa na mahali pa kwenda. Akaniambia, "Mwambie Lugembe nilifurahi tu."

Manju aliporudi kutoka hospitali, mkono umefungwa mpaka kiwiko, aliitisha wazee na kundi lote asubuhi mbele ya zizi. Sayi alisema yake, na alisema vizuri, alikuwa mtu wa maneno. Wazee wakageuza macho kwa Mayu Holo, aliyekaa chini peke yake, miguu imenyooshwa. Hapo nilikwenda ndani nikaleta ile mashine na rimoti yake. Mkia ulikuwa umevunjika, mapanga hayapo, lakini betri zilikuwa bado na moto. Nikaiweka katikati. Nikawaonyesha: nikisukuma kijiti hiki, vile vyuma vya kichwani vinainama hivi. Nikirudisha, vinarudi. Wazee wakasogea. Kisha nikamwomba Sayi avue shati lake anitupie kwenye mikono. Alikataa. Manju akamwambia, "Vua." Alinitupia, na wote wakaona vyuma vinalala upande, kama siku ile.

"Khanga yoyote ingefanya hivi," nikasema. "Ya Kimali au ya dukani. Mayu Holo alinituza. Sikumwambia asinituze. Na Mabula alinionya kabla. Alisema hii kubwa inakata, na anayejifunza asiichukue, achukue ndogo na spea zake. Aliniagiza niwaambie."

Kuku alipita katikati yetu.

Manju akauliza, "Alikuambia kabla sijauza ng'ombe, au baada?"

"Alisema kabla. Nilikuwa nalijua siku uliyoniuliza."

"Na nikakuuliza."

"Nikasema kubwa."

"Kwa nini?"

"Nilikuona unaitaka." Kisha nikamalizia, kwa sababu nusu ya ukweli ndiyo iliyotufikisha pale. "Na mimi nilitaka kuonekana."

Manju alinitazama. Hakupandisha sauti. "Kuitaka, nilikuwa naitaka," akasema. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

Wazee walikata shauri kabla ya jua kuwa kali. Mayu Holo hana neno, na atakayelirudia atatoa fahali. Sayi aliinama. Mimi nilitolewa kwenye kundi, na kwa kuwa ng'ombe wa plau hawapo na mkono wa manju haushiki jembe, nilipewa shamba lake la mtama na pamba nilime kwa jembe la mkono mpaka liishe. Nilisema nimekubali. Watu wengine wamenihurumia nilipowasimulia, wakasema adhabu ilikuwa kubwa kwa msichana. Haikuwa kubwa. Nimelea watoto sita na wajukuu, na wote wanasema mimi ni mkali, naongea bila kuzunguka, natia watu aibu mbele ya wageni. Waseme. Ninajua maneno matamu yanaweza kumfikisha mtu wapi.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikwenda shambani kulipopambazuka. Shamba lilikuwa kubwa, udongo mweusi unaonata kwenye jembe na kwenye miguu mpaka unatembea kama umevaa mawe. Nilikuwa nimelima matuta manne nilipomwona Mayu Holo anakuja na jembe lake begani. Nikamwambia arudi, adhabu ni yangu. Aliingia kwenye tuta la pembeni yangu akaanza. Alikuja kesho yake, na kesho kutwa, na msimu wote. Wapita njia walituona wawili tumeinama pamoja, na nadhani ndicho alichotaka, waone. Tulilima wiki nzima bila kusemezana zaidi ya salamu. Siku moja, jua likiwa juu, alisimama akaegemea mpini, akapangusa jasho la macho yake mekundu.

"Kabula. Siku ile mle chumbani. Moyoni mwako ulijua ipi?"

"Ndogo, mayu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anasubiri jibu hilo tangu siku ile.

"Haya," akasema, akatemea viganja mate. "Lima."